Hewa ya Shimoni na Watu Walioipima

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, Katumba, Mkoa wa Katavi

  Mwalimu wa darasa na aweke chaki karibu, kwa maana katikati ya somo tutafanya hesabu. Mwenye daftari lake na afungue ukurasa mpya.

Leo tutazungumza habari ya hewa itokayo katika vyoo na katika maji machafu, na jinsi watu walivyojifunza kuipima. Najua wako watakaocheka. Mtu mwenye adabu hasemi mbele ya wakwe zake kwamba anakwenda chooni. Husema anakwenda msalani, au hutoka tu kimya. Adabu hiyo ni njema, wala sitaki kuivunja. Lakini serikali za dunia siku hizi huandika katika taarifa zao ni kiasi gani cha hewa kinachotoka katika mashimo ya vyoo vya wananchi, na shimo la nyumba yako limo katika hesabu hiyo. Yafaa mwenye shimo ajue hesabu imetoka wapi.

Tuanze na jambo lenyewe. Kila kitu kilichokuwa hai huoza, na kuoza kuna njia mbili. Njia ya kwanza ni kuoza penye hewa. Lundo la majani na samadi likipinduliwa mara kwa mara, vijidudu vilivyomo hupumua oksijeni kama sisi, navyo hutoa hewa ya ukaa, ile ile tunayoitoa puani. Njia ya pili ni kuoza pasipo hewa. Chini ya maji yaliyotuama, au katika shimo lililojaa majimaji, oksijeni haifiki. Humo huishi vijidudu vya namna nyingine, na mwisho wa kazi yao ni kutoa hewa iitwayo methani. Aliyepata kulima mpunga ameiona, ingawa hakuambiwa jina lake. Ukikanyaga tope la jaruba, mapovu hupanda juu karibu na mguu wako. Sehemu kubwa ya mapovu hayo ni methani.

Methani haina rangi wala harufu. Harufu ya choo ni ya hewa nyingine, hasa ile yenye salfa, inayonuka kama yai viza. Kwa hiyo pua haiwezi kukupimia methani. Choo kinachonuka sana chaweza kutoa methani kidogo, na kisichonuka chaweza kutoa nyingi.

Aliyeikusanya hewa hii na kuichunguza vizuri kwa mara ya kwanza alikuwa mtu wa Italia, jina lake Alessandro Volta. Jina hilo mnalo majumbani mwenu. Tazameni betri ya redio, mtaona imeandikwa volti 1.5. Tazameni betri ya taa za sola, mtaona volti 12. Neno "volti" ni jina la bwana huyo, kwa sababu baadaye alivumbua betri. Lakini mwezi wa Novemba mwaka wa 1776 hakuwa akishughulika na betri. Alikuwa katika Ziwa Maggiore, karibu na mji wa Angera, mahali penye matete na matope. Alichokoa tope kwa fimbo, na mapovu yalipopanda aliyakinga kwa chupa iliyojaa maji, ameishika kichwa chini. Mapovu yaliingia, maji yakatoka, na chupa ikajaa hewa. Kisha aliiwasha moto, ikawaka kwa ndimi za rangi ya buluu.

Fimbo na chupa, hivyo ndivyo vifaa vyake. Nataja jambo hili kwa sababu wengi wetu hudhani kwamba elimu ya kupima hewa ilianza katika vyumba vya vioo vyenye mashine. Ilianza matopeni, na mtu aliyeinama.

Volta alijua kwamba hewa ile huwaka. Hakujua kwamba hewa ile hushika joto. Hilo lilisubiri miaka themanini. Mwaka wa 1856 huko Marekani, mama mmoja, Eunice Foote, alichukua mitungi mirefu ya kioo, akatia kipimajoto ndani ya kila mmoja, akaiweka juani. Katika mmoja alitia hewa ya kawaida, katika mwingine hewa ya ukaa. Ule wa hewa ya ukaa ulipata joto zaidi, na ulipoondolewa juani ulikawia sana kupoa. Taarifa yake ilisomwa katika mkutano wa wanasayansi mwaka huo huo, lakini hakuisoma mwenyewe. Ilisomwa na mwanamume. Akina mama wa darasani hawahitaji kuelezwa zaidi.

Miaka mitatu baadaye, mwaka wa 1859, John Tyndall wa Ireland, akifanya kazi mjini London, alianza kupima kwa chombo cha hali ya juu zaidi jinsi hewa mbalimbali zinavyozuia joto lisipite. Katika taarifa yake ya mwaka 1861 mlikuwemo pia hewa ya matopeni, yaani methani. Aliona kwamba nayo huzuia joto.

Sasa fikirini usiku wa kipupwe hapa Katumba. Jua limekuchwa, ardhi inapoteza joto, na alfajiri kila mtu anatafuta blanketi. Blanketi halina moto ndani yake. Linazuia tu joto la mwili wako lisiondoke. Hewa ya ukaa na methani ni kama blanketi lililofunika dunia nzima. Bila blanketi hilo tungeganda kwa baridi. Lakini likizidi unene, joto huzidi, na mvua hupoteza ratiba yake. Kilo moja ya methani, ikihesabiwa kwa muda wa miaka 100, hushika joto kama kilo 28 hivi za hewa ya ukaa. Ndiyo sababu wataalamu huifuata hata mashimoni.

Mwaka wa 1948 Marcel Migeotte, mtu wa Ubelgiji aliyekuwa akifanya kazi Ohio, Marekani, alichunguza mwanga wa jua uliopita katika anga, akagundua kwamba methani imo angani, imetawanyika kidogo kidogo. Baadaye wengine walichimba barafu za kale sana na kupima mapovu ya hewa yaliyofungwa ndani yake. Mnamo mwaka 1750, katika kila visehemu bilioni moja vya hewa, methani ilikuwa visehemu 700 hivi. Leo ni zaidi ya 1,900. Ng'ombe, mashamba ya mpunga, visima vya mafuta, migodi ya makaa ya mawe, majalala na maji machafu, vyote vimechangia.

Basi tuiache hewa kidogo, tuingie katika kipimo cha uchafu wenyewe, maana historia yake ni nyingine kabisa. Mwaka wa 1858 mto Thames wa London ulinuka hata wabunge wa Uingereza, ambao nyumba yao ya Bunge imesimama ukingoni, walitiwa mapazia yaliyochovywa katika dawa ili waweze kukaa. Kilichofuata ni kujenga mabomba makubwa. Lakini mabomba yanahamisha uchafu tu, hayaupimi. Mwaka wa 1898 serikali ya Uingereza iliunda Tume ya Kifalme kuhusu majitaka, nayo ilifanya kazi hadi 1915. Katika taarifa yake ya mwaka 1912 ilieneza kipimo ambacho kinatumika mpaka leo duniani kote.

Kipimo chenyewe ni rahisi kueleza. Unachukua maji machafu, unayachanganya na maji safi, unapima oksijeni iliyoyeyuka ndani yake. Unaziba chupa, unaiweka gizani siku tano. Kisha unapima tena. Oksijeni iliyopungua imeliwa na vijidudu walipokuwa wakila uchafu. Uchafu ukiwa mwingi, oksijeni hupungua sana. Mimi katika somo hili nitakiita kipimo cha siku tano.

Kwa nini siku tano? Inasemekana kwamba maji ya mto wa Uingereza hayachukui zaidi ya siku tano kufika baharini, na baada ya hapo uchafu si shauri la mtu tena. Mto Ugalla wa upande huu wa nchi humwaga maji yake Malagarasi, na Malagarasi humwaga Ziwa Tanganyika. Sidhani safari hiyo humalizika kwa siku tano, na mwisho wake ni ziwa ambalo watu wananywa maji yake. Hata hivyo kipimo kilisafiri, kikafika kwetu. Sheria za viwango za Tanzania zinataka maji yaliyokwisha kusafishwa yasizidi miligramu 30 kwa lita kwa kipimo hicho hicho cha siku tano.

Hapo mwaka 1895, katika mji wa Exeter huko Uingereza, Donald Cameron alikuwa amejenga karo lililofunikwa, maji machafu yakakaa humo bila hewa na kuoza. Methani ilitoka, nao wakaichoma katika taa. Tazameni basi. Methani ilikwisha julikana. Joto lilikwisha pimwa. Uchafu ulikuwa karibu kupata kipimo chake. Lakini mambo hayo matatu yalikaa mbalimbali kwa miaka 100, kila moja na wataalamu wake. Hakuna aliyeona haja ya kuuliza taa za Exeter zina uhusiano gani na joto la dunia.

Sasa turudi nyumbani.

Mwaka wa 1973 Tanzania iliendesha kampeni kubwa kwa njia ya redio iliyoitwa "Mtu ni Afya". Wazee wetu wanaikumbuka. Kwa wiki 12 watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakatoka na majembe. Walijifunza habari za malaria, safura, kichocho, kuhara damu na kifua kikuu. Waliohudhuria walikuwa wapatao milioni mbili. Wengi wao walikuwa watu wazima waliokuwa wakijifunza kusoma, kama ninyi. Na kazi iliyoonekana kwa macho kuliko zote ilikuwa vyoo. Mashimo yalichimbwa vijiji kwa vijiji.

Mwaka huo huo wa 1973 ndipo makazi ya Katumba yalipoanzishwa, kwa ajili ya ndugu zetu waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi. Walipewa ardhi ya miombo. Walikata miti, wakajenga, wakalima mahindi, maharage, mihogo na tumbaku. Nao pia hawakuwa na budi kuchimba mashimo, kwa sababu watu maelfu wakikaa pamoja porini bila vyoo huishi na kaburi mlangoni. Mwaka 2014 walianza kupewa hati za uraia wa Tanzania, na Katumba ya leo ni sehemu ya nchi kama sehemu nyingine yoyote. Wajukuu wa wachimbaji wale wamo katika darasa hili.

Katika mwaka huo wa 1973 hakuna aliyeuliza shimo linatoa hewa gani. Swali lilikuwa nani atakufa. Na mimi nasema swali hilo lilikuwa sahihi, na bado ni la kwanza. Mwezi Agosti 2015 kipindupindu kilianza Dar es Salaam kikaenea mikoa mingi. Hakuna kilo ya methani iwezayo kuwekwa mizani moja na mtoto.

Lakini swali la pili lilikuwa njiani. Mwaka 1988 Umoja wa Mataifa, kwa njia ya shirika lake la hali ya hewa na lile la mazingira lenye makao yake makuu Nairobi, uliunda jopo la wataalamu wa mabadiliko ya tabianchi. Serikali zilipokubaliana kutoa taarifa za hewa zinazoongeza joto, ilibidi kiwepo kitabu kimoja cha kuhesabia. Kitabu kilitolewa, kikarekebishwa mwaka 1996, kikaandikwa upya mwaka 2006, kikatengenezwa tena mwaka 2019. Humo ndimo Volta, Tyndall na ile tume ya siku tano walipokutana hatimaye.

Chukueni chaki. Nitataja tarakimu polepole, mwalimu aziandike ubaoni.

Kitabu cha mwaka 2006 kinasema mtu mmoja wa Afrika hutoa uchafu wa gramu 37 kwa siku, kwa kipimo cha siku tano. Mtu wa Marekani ameandikiwa gramu 85. Andikeni 37. Zidisheni kwa siku 365. Mnapata gramu 13,505, yaani kilo 13 na nusu kwa mwaka.

Kitabu kinasema tena kwamba kila kilo ya uchafu huo, ikioza yote pasipo hewa kabisa, hutoa methani isiyozidi gramu 600. Kwa hiyo kilo 13.5 zidisha kwa 0.6. Mnapata kilo 8.1. Hicho ndicho kikomo cha juu kwa mtu mmoja kwa mwaka.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye uzito. Uchafu hauozi wote pasipo hewa. Inategemea shimo. Shimo la familia ndogo, katika nchi kavu, ambalo maji ya ardhini hayalifikii, kitabu kimelipa sehemu moja tu katika kumi. Choo cha watu wengi, hali hiyo hiyo ya ukavu, sehemu tano katika kumi. Shimo ambalo maji ya ardhini yamepanda yakaingia ndani yake, sehemu saba katika kumi.

Familia ya watu watano yenye shimo kavu: 8.1 mara 5 ni 40.5, sehemu moja katika kumi ni kilo 4 hivi za methani kwa mwaka. Familia hiyo hiyo, watu wale wale, chakula kile kile, lakini shimo limeingiwa na maji: sehemu saba katika kumi ni kilo 28 na kidogo. Tofauti yake ni kilo 24 za methani. Zidisheni kwa 28 ili mpate uzito wa hewa ya ukaa: ni karibu kilo 680. Kuchoma lita moja ya petroli hutoa hewa ya ukaa kilo 2.3 hivi. Kwa hiyo tofauti ya shimo kavu na shimo lenye maji, kwa hesabu ya kitabu, ni kama lita 300 za petroli kila mwaka. Mwenye bodaboda anajua lita 300 ni safari ngapi.

Na mwanafunzi mwenye macho makali atauliza: Je, karani anayejaza taarifa mjini anajua shimo langu ni kavu au lina maji? Mwezi wa Oktoba shimo la Katumba laweza kuwa kavu kabisa, na mwezi wa Machi, masika yakiwa yamekolea, lile lililochimbwa karibu na mbuga likajaa maji hadi nusu. Shimo ni moja, lakini kwa kitabu ni mashimo mawili. Karani hawezi kujua. Hana budi kuchagua tarakimu moja kwa wilaya nzima, pengine kwa nchi nzima. Hilo si kosa lake. Ni udhaifu wa hesabu inayofanywa mbali na shimo.

Ndiyo maana wako wataalamu waliokwenda kupima kwenye shimo lenyewe. Njia yao haiko mbali sana na ile ya Volta. Wanafunika tundu au uso wa maji kwa sanduku lisilovuja. Kila baada ya dakika kadhaa wanavuta hewa ya ndani kwa bomba la sindano, kama la daktari, wanaipeleka maabara. Methani ikiongezeka haraka ndani ya sanduku, shimo linatoa nyingi. Kwenye mabwawa ya majitaka sanduku huelea juu ya maji kama mtumbwi.

Huko California, Marekani, watafiti walipima hivyo katika makaro manane ya majumbani, wakatoa matokeo mwaka 2011. Walipata methani gramu 11 kwa mtu kwa siku. Kitabu kingesema je? Fanyeni wenyewe: gramu 85, mara 0.6, kisha nusu yake, kwa kuwa karo limepewa sehemu tano katika kumi. Mnapata 25.5. Kitabu kilisema zaidi ya maradufu ya kilichoonekana katika sanduku. Na hiyo ni nchi yenye maabara kila mji. Gramu 37 zilizoandikiwa bara zima la Afrika, tangu Cairo (hapana, Misri imepewa tarakimu yake, 34) hata Mpanda na Durban, mnaweza kufikiri wenyewe zimepimwa kwa sanduku mara ngapi.

Mwaka 2014 watafiti wengine walijaribu kuhesabu vyoo vya shimo vya dunia nzima, wakitazama nchi kwa nchi jinsi maji ya ardhini yalivyo karibu na uso wa ardhi. Walikadiria kwamba mnamo 2015 vyoo vyote vya shimo duniani, vinavyotumiwa na karibu robo ya wanadamu, vitatoa tani milioni 3.8 za methani kwa mwaka. Ni karibu asilimia moja ya methani yote itokanayo na kazi za binadamu. Robo ya watu, asilimia moja ya methani. Mtu akija kuwaambia kwamba choo cha maskini ndicho kinachoiunguza dunia, mwandikieni tarakimu hizo mbili ubaoni.

Basi je, tulale? Hapana, maana mjini mambo ni mengine. Twende Kampala, Uganda. Mwaka 2022 ilitolewa taarifa ya watafiti waliofuata uchafu wa mji ule hatua kwa hatua: shimoni, katika magari ya kunyonya, katika mabomba, katika mitambo, hata katika mitaro ulikomwagwa kwa wizi. Jumla waliyoipata ni tani 189,000 kwa mwaka, zikihesabiwa kama hewa ya ukaa, na wakasema huenda ikawa zaidi ya nusu ya hewa zote za namna hiyo zinazotoka katika mji. Hesabu za awali za mji hazikuonyesha hivyo.

Na zilitoka wapi? Karibu nusu, asilimia 49, ilitoka katika makaro na mashimo yaliyozibwa, ambamo uchafu hukaa miaka bila kunyonywa. Asilimia 31 ilitoka katika mitambo ya kusafishia, kwa methani iliyoachwa ipae bila kukusanywa. Yaani mahali palipojengwa ili kumaliza uchafu ndipo palipokuwa pa pili kwa kutoa hewa. Magari, umeme na ujenzi, vitu ambavyo macho hukimbilia kwanza, vilikuwa sehemu ndogo tu. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo faida ya kupima: lawama huhama kutoka mahali ilipodhaniwa ikaenda mahali ilipo. Mwenye karo ambaye amekaa miaka kumi bila kuita gari la kunyonya hakujua kwamba yumo katika hesabu. Gari lenyewe ni ghali, na vichochoro vingine halipiti. Hilo nalo ni la kupimwa.

Kwetu Tanzania miji mingi yenye mabomba hupeleka majitaka katika mabwawa ya wazi, kama yale ya Swaswa mjini Dodoma. Jua na upepo hufanya kazi bila umeme, na hilo ni jambo la busara katika nchi ya jua. Kitabu kinasema bwawa refu lisilopata hewa lina sehemu nane katika kumi, na fupi, lisilofika mita mbili, lina sehemu mbili. Kwa hiyo tope likiachwa lijae bwawani pasipo kuondolewa, hesabu inaharibika taratibu, wala hakuna anayeona.

Iko hewa nyingine, ya nitrojeni, itokayo hasa katika mitambo ya kupuliza hewa iliyobuniwa Manchester mwaka 1914. Hiyo tutaiacha. Katumba haina mtambo huo.

Kabla ya kufunga nataka kutoa onyo, na mwalimu alirudie. Mtu asiwashe kiberiti juu ya tundu la choo ili aone kama methani ipo. Volta aliwasha chupa, hakuwasha shimo. Wala mtu asishuke katika shimo lililotumika, hata kama simu yake imeangukia humo. Hewa za shimoni hufukuza oksijeni, na ile ya yai viza ina sumu. Watu wamekufa wawili watatu katika shimo moja, kila mmoja akishuka kumwokoa aliyetangulia.

Kazi yenu ni hii, na si ya wiki moja. Kila kikundi kichague kisima kimoja cha kuteka kwa ndoo kilicho karibu na nyumba zenu. Tafuteni kamba ndefu, mfunge jiwe mwisho wake, na mpige fundo kila nusu mita. Shusheni jiwe mpaka liguse maji, mhesabu mafundo kutoka mdomo wa kisima. Fanyeni hivyo mwisho wa masika, mfanye tena mwezi wa Oktoba. Andikeni tarehe na idadi ya mafundo katika daftari la kikundi. Kisha mtafute fundi aliyechimba vyoo vya mtaa wenu, mumwulize mashimo yake yana kina gani. Kama shimo lina mita nne na maji ya masika yako mita tatu, mnajua tayari ni tarakimu gani ya kitabu inayowahusu, na anayetaka kuchimba shimo jipya atajua achimbe kina gani na upande gani wa mteremko, mbali na kisima.

Daftari hilo mje nalo. Somo lijalo tutachora mstari wa maji ya mwaka mzima, na nitawafundisha kuusoma. Kwaherini.